Mkalimani katika Nyumba ya Mfasiri: Tatizo la Michakato Mingi katika Programu za Kuchanganulia Kiswahili

1.0 Utangulizi

Zamani mtaalamu wa lugha alihesabu maneno kwa kalamu na kadi. Kazi hiyo ilichosha, lakini ilikuwa na sifa moja njema, nayo ni kwamba mhesabuji alijua amehesabu nini. Siku hizi kazi hiyo tumeikabidhi tarakilishi, nasi tumebaki kusoma majedwali inayotuletea. Makala haya yanakusudia kueleza kosa moja linaloweza kuingia katika majedwali hayo bila ya mtu kuliona, kuonyesha chanzo chake, na kupendekeza njia za kuliepuka. Mwandishi si mhandisi wa tarakilishi. Ni mwalimu wa Kiswahili aliyelazimika kujifunza jambo hili kwa sababu lilimfika mlangoni.

Tukio lenyewe ni hili. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa akichunguza namna mbili za kueleza mazoea katika Kiswahili kisemwacho sokoni na katika vituo vya matatu vya Thika na Ruiru. Namna ya kwanza ni kiambishi awali hu- cha Kiswahili sanifu, kama katika sentensi "mama huuza nyanya". Ya pili ni kiambishi tamati -nga, kinachosikika sana katika Kiswahili cha bara nchini Kenya, kama katika sentensi "mama anauzanga nyanya". Alitaka kujua kama miji hiyo miwili, iliyo katika kaunti moja ya Kiambu na kwenye barabara moja, inatofautiana katika jambo hili. Alirekodi mazungumzo, akayanukuu, kisha akayapitisha katika programu ya uchanganuzi iliyokuwa ikitumiwa na idara. Matokeo yakaonyesha tofauti iliyo wazi, nasi tukafurahi.

Wiki chache kabla ya tasnifu kuwasilishwa, mwanafunzi alirudia kusoma nukuu ya mazungumzo ya jioni moja mjini Ruiru akitafuta mifano. Programu ilikuwa imesema kwamba neno "anasemanga" limetokea mara 35 katika nukuu hiyo. Yeye alilikuta mara 7. Alipoleta habari hiyo ofisini nilimshuku yeye kabla ya kuishuku mashine. Akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, nimehesabu mara tatu. Ni saba." Tulikaa tukahesabu pamoja. Zilikuwa saba. Tukajaribu neno jingine, na jingine. Kila tarakimu katika jedwali ilikuwa imezidishwa kwa tano barabara.

Ili msomaji aelewe ni kwa nini tano, wala si mbili au kumi, hapana budi kwanza aelezwe jinsi programu kama hiyo inavyojengwa.

2.0 Lugha mbili katika programu moja

Maagizo tunayoandikia tarakilishi huandikwa katika lugha ambazo mashine yenyewe haizielewi. Kwa hiyo lazima apatikane wa kati. Wa kati huyo huwa wa aina mbili, na wanaisimu tunazo tayari istilahi za kuwatofautisha, kwani tofauti yao ni ile ile iliyopo kati ya mfasiri na mkalimani. Mfasiri huchukua andiko zima, hulihamishia katika lugha nyingine, kisha huondoka. Msomaji hubaki na tafsiri, wala hamhitaji mfasiri tena. Mkalimani huketi kati ya wasemaji wawili na kuyahamisha maneno papo kwa papo. Akiinuka, mazungumzo hukatika.

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C au C++ hupitia kwa mfasiri. Ikiisha kufasiriwa huwa nyepesi na ya kasi, lakini kila inapotakiwa kubadilishwa lazima ifasiriwe upya na fundi. Programu iliyoandikwa kwa Python, lugha aliyoanza kuibuni Guido van Rossum mwaka 1989 na kuitangaza mwaka 1991, humtegemea mkalimani. Haina kasi ile, lakini yeyote anaweza kufungua maandiko yake asubuhi, akabadilisha mstari mmoja, na kuona matokeo dakika hiyo hiyo.

Wajenzi wengi hutaka faida za pande zote mbili. Hujenga nyumba kwa lugha ya kufasiriwa, kisha wakamweka mkalimani ndani yake. Kitendo hiki makala haya yanakiita kupachika, na nyumba hiyo tunaiita programu mwenyeji. Katika uchanganuzi wa Kiswahili mpango huu unavutia sana. Kusoma mafaili makubwa na kuhesabu maneno ni kazi ya nguvu, inayomfaa mwenyeji. Kuamua kwamba hu- katika "husoma" ni ya mazoea, katika "husomi" ni ya ukanushi wa nafsi ya pili, na katika "huyu" si ya kitenzi kabisa, ni kazi ya kanuni. Vivyo hivyo kuamua kwamba -nga katika "anapendanga" ni kiambishi ilhali katika "anapanga" na "anajenga" imo ndani ya shina. Kanuni hizo hubadilika kila mtafiti anapokutana na umbo asilolitarajia, na haifai amwite fundi kila mara.

Ieleweke kwamba uchanganuzi wa Kiswahili kwa mashine si jambo la jana. Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa nadharia yake ya mofolojia ya ngazi mbili mwaka 1983, na tangu mwaka 1985 Arvi Hurskainen, katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuitumia kuchanganulia maneno ya Kiswahili. Programu yetu ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na kazi hiyo. Lakini kosa lililotupata halichagui programu ndogo wala kubwa.

3.0 Uzi, mchakato na kufuli

Tarakilishi za leo huwa na viini kadhaa vya uchakataji, yaani ina akili kadhaa zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Mtafiti mwenye maumbo laki moja ya kuchanganua hutamani kuyagawa mafungu manne, kila kiini kipewe fungu lake. Ziko njia mbili za kufanya hivyo.

Njia ya kwanza ni ya nyuzi. Uzi ni mfuatano mmoja wa matendo ndani ya programu inayotenda kazi. Nyuzi kadhaa za programu moja hushiriki kumbukumbu ile ile, kama wapishi kadhaa katika jiko moja wanaochota chumvi katika kopo moja. Njia ya pili ni ya michakato. Mchakato ni programu nzima iliyo kazini, yenye kumbukumbu yake yenyewe. Michakato miwili ni majiko mawili, kila moja na kopo lake la chumvi.

Nyuzi ni rahisi kuziumba, lakini mkalimani wa Python ana kizuizi. Kila kitu alicho nacho katika kumbukumbu hukiwekea hesabu ya wanaokitumia, ili hesabu hiyo ikifika sifuri kitu hicho kitupwe. Nyuzi mbili zikiibadilisha hesabu moja kwa wakati mmoja, hesabu huharibika. Ndiyo maana mkalimani huyo amewekewa kufuli kuu moja, na uzi usiokuwa na ufunguo wake hauwezi kutekeleza agizo lolote la Python. Uzi ulioushika ufunguo hutakiwa kuuachia baada ya muda mfupi, kwa kawaida sehemu 5 za elfu za sekunde, iwapo upo uzi mwingine unaoungojea.

Msomaji anayesafiri kati ya Ruiru na Thika ataona mfano wake kwa urahisi. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, ina njia nyingi sambamba. Lakini tukichukulia kwamba njia zote hizo zinaishia katika lango moja lenye askari mmoja, wingi wa njia hautaharakisha safari ya yeyote. Kwa kazi za hesabu tupu, nyuzi nne za Python hufanya kazi karibu sawa na uzi mmoja.

Kwa sababu hiyo Python iliongezewa, katika toleo la 2.6 la mwaka 2008, maktaba iitwayo multiprocessing, ambayo badala ya kuongeza nyuzi huongeza michakato. Kila mchakato una mkalimani wake, na kila mkalimani kufuli lake. Lango moja limekuwa malango manne. Katika Python ya kawaida dawa hiyo hufanya kazi vizuri. Tatizo huanza pale mkalimani anapokuwa mgeni katika nyumba ya mwingine.

4.0 Namna mbili za kupata mtoto

Mchakato unaoanzisha mwingine huitwa mzazi, na ulioanzishwa huitwa mtoto. Lakini watoto hawapatikani kwa namna moja, na hapa ndipo penye kiini cha maelezo yetu.

4.1 Kujigawa

Namna ya kwanza ni ile ambayo miongozo huiita fork. Mchakato hujinakili wenyewe: kumbukumbu, mafaili yaliyofunguliwa, mkalimani pamoja na yote aliyokwisha kuyasoma. Mtoto huamka akiwa anajua kila alichokijua mzazi. Mifumo endeshi ya ukoo wa Unix, kama Linux, ina uwezo huu, Windows haina.

Kasoro yake ni kwamba katika kujinakili huko huvuka uzi mmoja tu, ule uliotoa amri. Nyuzi nyingine za mzazi hazimo ndani ya mtoto, lakini makufuli yao yamo, katika hali ile ile yaliyokuwa nayo. Tufikirie nyumba iliyonakiliwa pamoja na milango yake yote, kila mlango uliofungwa ukabaki umefungwa, lakini aliyekuwa na ufunguo mfukoni hakunakiliwa. Mtoto akiufikia mlango huo atangoja milele. Hakuna ujumbe wa kosa wala mlio. Programu imenyamaza tu, na mtafiti anadhani bado inafikiri.

Programu mwenyeji zina hatari hii kuliko Python ya kawaida, kwa kuwa mara nyingi mwenyeji ana nyuzi zake mwenyewe ambazo mgeni hazijui: uzi wa kuchora dirisha, uzi wa kusoma faili, uzi wa kuhifadhi. Mgeni akijigawa, anaigawa nyumba nzima bila kujua nani yumo chumba gani. Kwa sababu hiyo Python, tangu toleo la 3.12 la mwaka 2023, hutoa onyo pale mchakato wenye nyuzi nyingi unapojigawa, na katika toleo la 3.14 la mwaka 2025 kujigawa moja kwa moja kuliacha kuwa desturi ya maktaba hiyo hata katika Linux.

4.2 Kuzaa

Namna ya pili, ambayo miongozo huiita spawn, ni kuanzisha mchakato mpya kabisa na kumfundisha mtoto anachotakiwa kufanya. Ndiyo njia ya pekee katika Windows, na ndiyo desturi katika tarakilishi za Macintosh tangu toleo la 3.8 la mwaka 2019. Njia hii haina taabu ya makufuli yaliyorithiwa, kwani mtoto hakurithi kitu.

Lakini ili kumzaa mtoto mpya, maktaba lazima ijibu swali moja: ni programu gani ianzishwe? Katika hali ya kawaida jibu ni rahisi. Programu inayotenda kazi ni mkalimani mwenyewe, basi aanzishwe mkalimani mwingine. Maktaba hulichukua jina la programu hiyo, hulianzisha upya, na kumpa mtoto maagizo mafupi ya kumjulisha kwamba yeye ni mtoto na kazi yake iko wapi.

Mkalimani akiwa amepachikwa, swali lile lile hupata jibu lingine. Katika Windows programu inayotenda kazi si mkalimani bali ni mwenyeji. Maktaba ikiuliza "mimi ni nani?", hujibiwa kwa jina la mwenye nyumba. Kwa hiyo badala ya kumzaa mkalimani, humzaa mwenyeji mzima. Mwenyeji huyo mpya naye, ambaye hakufundishwa kamwe kuyasoma maagizo ya watoto wa Python, huyapuuza na kuanza kazi zake tangu mwanzo. Katika Linux kosa huweza kuja kwa sura nyingine. Mwenyeji asipojitambulisha, mkalimani hulitafuta jina la python3 katika njia za mfumo, na anayepatikana huko huenda akawa wa toleo lingine, asiyekuwa na maktaba zinazohitajika.

Tusiache kutaja tanzu ya tatizo hili. Mzazi anapompelekea mtoto kazi, huifungasha. Katika kufungasha huko mwili wa kitendakazi haubebwi. Hubebwa jina lake na jina la moduli kilimo. Mtoto hutakiwa kwenda kukitafuta mwenyewe. Ikiwa kanuni zetu zilisomewa mkalimani moja kwa moja na mwenyeji, bila kuwa na faili lenye jina, mtoto hatakuwa na mahali pa kuzitafuta.

5.0 Yaliyotupata

Sasa yawezekana kueleza ile tano. Programu yetu ilitumiwa katika Windows, na kazi yake ilikuwa na hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mwenyeji alisoma nukuu zote na kuongeza katika jedwali idadi ya kutokea kwa kila umbo. Katika hatua ya pili alimkabidhi mkalimani orodha ya maumbo, kila umbo mara moja, ili yachanganuliwe kwa kanuni za Python. Katika hatua ya tatu uchanganuzi uliunganishwa na idadi, yakapatikana majumlisho ya hu- na -nga kwa kila mji.

Aliyeandika hatua ya pili, ili kuharakisha, aliongeza watoto wanne. Watoto hao hawakuwa wakalimani bali wenyeji wanne kamili. Kila mmoja alianza hatua ya kwanza upya, akasoma nukuu zote, akaziongeza katika jedwali lile lile. Mzazi mmoja na watoto wanne ni watano. Walipofika hatua ya pili waliikuta alama iliyowekwa kuonyesha kwamba kazi inaendelea, wakatoka kimya kimya, kama walivyokuwa wameagizwa na mjenzi mwangalifu aliyeogopa mtumiaji kufungua programu mara mbili. Mzazi hakupokea jibu lolote kutoka kwao. Lakini naye alikuwa ameagizwa, na mwangalifu mwingine, kwamba fungu lisilorudishwa na mtoto alifanye mwenyewe. Basi akayafanya yote manne. Uchanganuzi ukatoka kamili na sahihi, na idadi ikatoka mara tano. Uangalifu wa wajenzi wawili ndio uliolificha kosa.

Lau isingekuwa ile alama, tungeligundua siku ya kwanza. Kila mwenyeji angezaa wanne, nao kila mmoja wanne: 1, 4, 16, 64, 256. Baada ya vizazi vinne tu tarakilishi ingekuwa na michakato 341, nayo ingezimia. Kosa la kelele lina nafuu kuliko kosa la adabu.

Msomaji anaweza kuuliza: kama kila tarakimu imezidishwa sawasawa, uwiano si umebaki ule ule? Naam, asilimia hazikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililotupumbaza. Kilichobadilika ni uzito wa ushahidi. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme katika miktadha 100 ya mazoea mjini Thika -nga imetumika mara 46 na hu- mara 54, na katika miktadha 100 mjini Ruiru -nga mara 54 na hu- mara 46. Jaribio la kai mraba hutoa 1.28. Kipimo cha kawaida, katika kiwango cha 0.05 na digrii moja ya uhuru, ni 3.84. Kwa hiyo hatuna haki ya kudai kwamba miji hii inatofautiana. Tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu. Sasa tuzidishe kila tarakimu kwa tano: 230 na 270, 270 na 230. Asilimia ni zile zile, 46 na 54, lakini kai mraba imekuwa 6.40, nayo imekivuka kipimo. Mtafiti ataandika kwa dhamiri safi kwamba wasemaji wa Ruiru hutumia -nga kuliko wale wa Thika, na dai hilo litanukuliwa na wengine.

Tasnifu ya mwanafunzi wetu ilikuwa karibu kufanya hivyo hasa. Tarakimu sahihi zilipopatikana, tofauti aliyoijengea sura nzima haikusimama. Aliiandika sura hiyo upya. Sura mpya inasema kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa tofauti kati ya miji hii miwili, nayo, kwa maoni ya mwandishi, ni bora kuliko ile ya kwanza kwa kuwa ni ya kweli. Lakini lazima isemwe kwamba aliyeliona kosa ni mwanafunzi aliyerudi kwenye nukuu zake, wala si msimamizi wake aliyelisifu jedwali.

6.0 Tiba

Tiba za kifundi zipo, nazo si ngumu kwa anayejua ugonjwa.

(a) Mtoto atajiwe mkalimani wa kweli. Maktaba ya multiprocessing ina amri ya set_executable, ambayo humwezesha mwenyeji kusema, kabla ya kuzaa, kwamba programu ya kuanzishwa ni mkalimani fulani aliye mahali fulani. Mkalimani huyo awe wa toleo lile lile na mwenye maktaba zile zile.

(b) Au mwenyeji afundishwe kumtambua mtoto. Kabla ya kugusa faili lolote, aangalie maagizo aliyoanzishwa nayo. Akiona ni ya mtoto wa Python, amwachie mkalimani usukani moja kwa moja.

(c) Kanuni za uchanganuzi ziwekwe katika moduli yenye faili na jina lake, ili mtoto aweze kuzitafuta na kuzipata.

(d) Pasiwe na kujigawa baada ya nyuzi kuanza. Na kama mwenyeji mwenyewe ndiye anayejigawa, lazima amjulishe mkalimani kabla na baada. Python imekuwa na amri za kazi hiyo tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018.

(e) Mara nyingi tiba rahisi ni kumtoa mkalimani nje. Mwenyeji aandike orodha ya maumbo katika faili, Python ya kawaida iisome na kuandika majibu katika faili jingine. Kasi itapungua kidogo, lakini hatapatikana mtoto asiyemjua mama yake.

Mambo nayo yanabadilika. Tangu toleo la 3.12 inawezekana kuwa na wakalimani kadhaa ndani ya mchakato mmoja, kila mmoja na kufuli lake, na toleo la 3.14 limewaleta katika maktaba ya kawaida. Toleo la 3.13 la mwaka 2024 lilianza, kwa majaribio, kutoa Python isiyo na kufuli kuu kabisa. Tena iko lugha ya Lua, iliyobuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, ambayo tangu mwanzo ilitengenezwa ipachikwe. Kila mkalimani wake hujitegemea ndani ya mwenyeji. Hata hivyo, kufuli likiondoka, mpangilio wa kazi baina ya wengi haugeuki kuwa rahisi. Wapishi wanne wasiogombea lango bado watagombea kopo la chumvi.

7.0 Kuhusu istilahi

Katika kueleza mambo haya tumetumia maneno ambayo baadhi yake yamekwisha kuzoeleka na mengine tumeyapendekeza. Eneo hili halijatulia. Hata jina la mashine yenyewe lina sura kadhaa: Kenya tunafundisha tarakilishi, Watanzania wengi husema kompyuta, na ngamizi nayo imewahi kupata watetezi wake. Tangu BAKITA ilipoundwa mwaka 1967 Tanzania imekuwa na chombo rasmi cha kusanifu istilahi, na mwaka 2004 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Jitihada kama hizo zimetupa maneno ya dirisha na faili, yaani ya kile kionekanacho kwenye kioo. Maneno ya kile kisichoonekana, kinachotendeka ndani, bado ni machache, ilhali humo ndimo makosa yanamojificha.

Mwandishi anapendekeza mambo mawili. Kwanza, tofauti ya mfasiri na mkalimani itunzwe. Yako maandiko yanayowaita wote wawili mfasiri au mtafsiri, na kwa kufanya hivyo hupoteza jambo ambalo Kiswahili kililiona kabla ya tarakilishi kuzaliwa. Pili, kujigawa na kuzaa visiitwe kwa jina moja la "kuanzisha". Kiambishi rejeshi -ji- kinafanya kazi kubwa hapa. Katika "mchakato unajigawa", mtenda na mtendwa ni mmoja, na ndiyo maana mtoto hurithi kila kitu, hata makufuli yasiyokuwa na mwenye ufunguo. Katika "mchakato unazaa mwingine", mtenda na mtendwa ni wawili, na ndiyo maana mtoto huhitaji kuambiwa mama yake ni nani. Mwanafunzi aliyefundishwa sarufi ya -ji- amekwisha kufundishwa nusu ya somo hili.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mkalimani aliyepachikwa ndani ya programu iliyofasiriwa si sawa na mkalimani anayejitegemea. Akiomba wasaidizi, huenda akaletewa nakala ya nyumba yenye makufuli yasiyofunguka, au akaletewa wenye nyumba wanne wasiomjua. Hali ya kwanza huikwamisha kazi. Ya pili huweza kuikamilisha kwa tarakimu za uongo.

Haitazamiwi kwamba kila mhadhiri wa Kiswahili atajifunza kutengeneza programu. Yanayotazamiwa ni mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila jedwali lililotoka katika mashine lilinganishwe na hesabu ya mkono ya sehemu ndogo ya data, hata kama ni kurasa mbili. Jumla ya maneno iliyotolewa na programu ilinganishwe na jumla ya nukuu zenyewe. Kwetu kipimo hiki kimoja kingetosha kufichua kosa, kwani mwenye nukuu za maneno elfu 40 hawezi kuwa na jedwali la maneno laki mbili. Na programu iliyoongezewa michakato kwa ajili ya kasi ijaribiwe kwanza ikiwa na mchakato mmoja, kisha na miwili, kisha na minne. Majibu yakitofautiana, tarakimu hizo zisiandikwe katika tasnifu yoyote mpaka sababu ipatikane.